Ngiri ya mtoto, hesabu ya mtu mzima

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi 7. Bibi yake alikuwa akimwogesha kwenye beseni uani, sabuni ikamwingia machoni, akaangua kilio cha kukata pumzi, na hapo kwenye kinena cha kulia kikachomoza kiuvimbe laini, ukubwa wa yai la kware. Alipobebwa na kubembelezwa, kikatoweka. Bibi akamwita mama mtu: "Njoo uone, mwanao ana mshipa." Ndivyo wazee wetu wanavyoiita ngiri. Kabla jua halijazama ushauri ulikuwa umeshamiminika. Jirani alitaka mtoto akandwe kwa kitambaa cha maji moto, mwingine akataja mzee anayechanja chale, na bibi mwenyewe alishikilia kwamba mshipa wa mtoto hupanda wenyewe akishaanza kutembea. Dada alisubiri wiki tatu. Nashukuru Mungu hakusubiri zaidi.

Hospitalini tulimkuta daktari wa upasuaji wa watoto, kijana mpole. Alimpima mtoto, kisha akamvua soksi moja na kutumbukiza kidole chake ndani. "Mama," akamwambia dada, "hapa hakuna msuli uliochanika, wala hukukosea kumbeba. Korodani hutengenezwa juu huko tumboni, karibu na figo. Mimba ikikaribia kutimia zinashuka, na zikishuka zinaburuta utando wa tumbo kama soksi hii. Soksi ilitakiwa ijifunge yenyewe. Ya huyu haikujifunga, kwa hiyo akilia, utumbo unaingia." Akaibana shingo ya soksi kwa vidole viwili. "Kazi yangu ni kufunga hapa. Basi."

Nami, kama mjomba mtu, nikauliza lililokuwa likinizunguka kichwani. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna hospitali inafanya kwa matundu madogo, kamera ikiingizwa tumboni kupitia kitovu, kovu halionekani, mtoto anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya hapa, lakini ukoo ulikuwa tayari kuchanga. Ipi bora?

"Ya kupasua kinena nimefanya mamia, mjomba," akajibu. "Ya matundu madogo, kwa watoto wadogo namna hii, nimefanya 12."

Tulichagua ya kupasua kinena. Ni miaka 10 na ushei sasa, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya jambo hili, kwa sababu wazazi wengi wananiuliza swali lile lile nililouliza mimi. Nimefika mahali pa kuamini kwamba swali lenyewe tunaliuliza kombo. Tunapima operesheni ya mtoto kwa kovu na kwa siku ya kuruhusiwa, ilhali ngiri ya mtoto, hasa wa kiume, hupimwa baada ya miaka 20 au 30, mtoto akiwa baba wa watu au akiwa anatafuta kuwa baba. Na kwa upasuaji wa matundu madogo, hesabu hiyo haijafungwa bado.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana neno ngiri huku kwetu limebebeshwa mizigo mingi. Mabango yaliyopigiliwa kwenye nguzo za umeme hutangaza dawa za ngiri, busha na nguvu za kiume kwa pumzi moja, kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye majina matatu. Mtu mzima mwenye ngiri ya kinena mara nyingi msuli wake umelegea, na akipasuliwa huwekewa wavu wa kuushikilia. Mtoto hana msuli uliolegea. Ana kile kifuko tu kilichobaki wazi, na hawekewi wavu. Katika watoto 100 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi yao, 1 hadi 5 watapata ngiri hii. Kwa watoto njiti idadi inapanda sana. Wavulana wanawazidi wasichana kwa mbali, na upande wa kulia ndio unaoongoza. Hakuna mzizi wala chale inayofunga kifuko hicho.

Mwaka 1950 Willis Potts na wenzake wa Chicago waliandika jambo ambalo limeongoza mikono ya wapasuaji hadi leo: kwa mtoto inatosha kukifunga kifuko juu kabisa shingoni, bila kuchokonoa misuli ya kinena. Mchano wa sentimita mbili tatu kwenye mkunjo wa ngozi, kifuko kinatenganishwa na mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani, kinafungwa kwa uzi, kinakatwa. Mkono uliozoea humaliza upesi, na kovu lenyewe hujificha chini ya nguo ya ndani. Kwa hiyo upasuaji wa matundu madogo haukuja kuokoa watoto kutoka kwenye operesheni mbaya. Ulikuta operesheni nzuri sana, na hilo linaufanya mtihani wake uwe mgumu kuliko ule wa nyongo, ambako kabla ya kamera mgonjwa alikuwa akichanwa tumbo na kulala wodini kwa siku nyingi.

Kuna hesabu tatu ambazo huwa nazirudia kila ninapoulizwa. Zote zilitoka mwaka mmoja, 2006, katika jarida moja la madaktari wa upasuaji wa watoto. Ya kwanza ni ya Sigmund Ein wa Toronto, aliyekusanya ngiri 6,361 alizozifunga kwa njia ya kawaida katika miaka 35 ya kazi. Zilizorudi zilikuwa asilimia 1.2, na karibu zote zilirudi ndani ya miaka 5 ya kwanza. Korodani zilizosinyaa zilikuwa asilimia 0.3. Ya pili ni ya Felix Schier wa Ujerumani, mmoja wa waliotangulia kuingiza kamera katika ngiri za watoto. Aliwafuatilia watoto wake 542 waliopasuliwa kwa matundu madogo, akaandika bila kuficha kwamba ngiri zilizorudi zilifika asilimia 4.1. Ya tatu ni ya Takehara na wenzake wa Japani: watoto 711, ngiri 972, nao pia kwa matundu madogo. Zilizorudi, asilimia 0.73.

Tazama hapo. Matundu madogo yameshindwa na kisu cha Toronto, na matundu madogo yamekishinda. Itakuwaje?

Jibu ni kwamba jina ni moja na operesheni ni mbili. Schier alikuwa akiingiza vyombo vidogo tumboni na kulishona tundu kwa ndani, kama mtu anayeziba tobo la shuka. Wajapani walipitisha sindano maalumu kupitia ngozi ya kinena, ikatembea chini ya utando wa tumbo ikilizunguka tundu lote, ikarudi ilikoingilia, uzi ukafungwa chini ya ngozi. Nimewahi kuonyeshwa mkanda wa operesheni ya namna hii ya pili kwenye simu ya daktari ninayefahamiana naye, na picha ile haijanitoka. Tumbo la mtoto limejazwa hewa ya kaboni, ndani kumekaa kama pango lenye kuta za waridi zinazong'aa. Chini pale, tundu jeusi, dogo kama shimo la kifungo. Kutoka upande mmoja unaingia mrija wa mbegu, uzi mweupe, na kutoka upande mwingine mishipa ya korodani, nayo inakutana mdomoni mwa tundu. Sindano inakuja ikiinua utando kama kidole chini ya shuka. Ikifika kwenye mrija inasimama. Maji ya chumvi yanasukumwa kidogo, utando unavimba na kuachana na mrija, sindano inapita juu yake. Inafanya hivyo tena kwenye mishipa. Kisha uzi unavutwa, na lile tundu jeusi linafumba kama mdomo wa mfuko wa kamba.

Kumbe shida yote iko pale sindano inaposimama. Mpasuaji mwoga, au ambaye hajazoea, ataruka sehemu ya utando juu ya mrija ili asiuchome, na palipoachwa ndipo ngiri inaporudia. Jasiri asiyezoea atapita, lakini atauzungushia mrija uzi pamoja na utando. Ongeza habari ya uzi wenyewe: uzi unaoyeyuka ukitumiwa kwa njia hii, hatari ya ngiri kurudi inakuwa kubwa kuliko kwa uzi usioyeyuka, kwa sababu kifuko hakijakatwa, kimefungwa tu. Kamera haikubadilishii wala kukurahisishia hayo. Inakuza picha, na hilo ni jema, lakini mkono unabaki ule ule.

Kwa habari ya ngiri kurudi, basi, mimi nimeridhika. Mpasuaji aliyezoea, akilizungusha tundu lote kwa uzi usioyeyuka, anapata matokeo yanayolingana na ya njia ya zamani. Wapasuaji Montupet na Esposito, ambao mwaka 1999 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika juu ya kuwafanyia wavulana operesheni ya matundu madogo, walitoa mwaka 2011 hesabu ya miaka 15: watoto 596, zilizorudi asilimia 1.5. Na kwa kuwa ngiri ikirudi hurudi mapema, hapa hatuhitaji kusubiri miaka 30 kujua. Anayepinga matundu madogo kwa hoja ya kurudi kwa ngiri amechelewa.

Lakini kurudi kwa ngiri ndilo swali jepesi kuliko yote. Ngiri ikirudi mama anaiona, na inafungwa tena. Yanayoumiza ni yale yasiyoonekana.

Chukua maumivu. Denmark kila raia ana namba moja tangu 1968, na namba hiyo inamfuata shuleni, kazini na hospitali. Kwa sababu hiyo watafiti Aasvang na Kehlet waliweza, mwaka 2007, kuwatafuta watu wazima waliopasuliwa ngiri kabla ya kutimiza miaka 5 na kuwauliza hali zao. Asilimia 13.5 walisema kinena kile bado huwauma nyakati fulani, zaidi wakifanya mazoezi. Asilimia 2 maumivu yalikuwa ya mara kwa mara na makali kiasi cha kusumbua maisha. Watu hao walipasuliwa kwa njia ya zamani, ile tunayoiona salama kabisa, na wapasuaji wao walilala usingizi mnono kwa miaka 20 wakijua kazi imekwisha. Je, matundu madogo yatapunguza maumivu hayo, kwa kuwa hayakati karibu na mishipa ya fahamu ya kinena? Yanaweza. Yanaweza pia kuyaleta mapya, kwa fundo la uzi linalobaki chini ya ngozi maisha yote. Mwenye kudai moja kati ya hayo mawili kwa uhakika leo anasema asichokipima.

Kisha kuna mrija wa mbegu. Kwa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ukibanwa kwa koleo mara moja, bila hata kukatwa, unaweza kuziba, na katika chumba cha upasuaji hakuna atakayejua. Mtoto atakua, atabalehe, atakuwa mwanamume kamili kwa kila jicho. Madaktari wa uzazi katika nchi mbalimbali wameandika juu ya wanaume waliokuja kwao bila mtoto, wakakutwa mrija umeziba pale pale palipopasuliwa ngiri utotoni. Hao pia ni wa enzi ya kisu. Wanaotetea kamera wanasema, na hoja yao ina uzito, kwamba kwa matundu madogo mrija haushikwi kabisa, unaonekana umekuzwa kwenye kioo, na sindano inapita pembeni yake. Naikubali hoja kama hoja. Ila mvulana wa miaka 3 aliyepasuliwa kwa kamera mwaka 1999 ndiyo kwanza anakaribia miaka 30. Kundi la kwanza kabisa la watoto hao linaoa sasa hivi. Matokeo ya muda mrefu tunayoyaulizia yako njiani yanakuja, katika nyumba za watu, na sijaona haraka ya kutosha ya kwenda kuyapokea.

Na hapa nina wasiwasi ambao sijausikia ukisemwa sana. Ile sifa kuu ya matundu madogo, kovu lisiloonekana, ina upande wake wa giza. Mwanamume aliyepasuliwa kinena utotoni ana alama. Hata kama mama yake amefariki na karatasi zimeliwa na mchwa, daktari akimvua nguo ataona mstari kwenye mkunjo na kuuliza: ulipasuliwa nini hapa? Aliyepasuliwa kupitia kitovu hana mstari. Kitovu kimeumeza. Akiwa na miaka 32, ameoa miaka 4, hana mtoto, hana analoweza kumwambia daktari kwa sababu hata yeye hajui. Na tunajua huku kwetu lawama huanzia wapi. Mke atapelekwa hospitali tatu na kwa waganga wanne, ataambiwa ana jini mahaba, atatafutiwa mwenzake, kabla mume hajaombwa kupima mara moja. Kovu lililofichwa vizuri linaweza kumgharimu mwanamke ndoa yake. Simaanishi turudi kwenye makovu makubwa. Namaanisha kwamba kadiri alama mwilini inavyopungua, ndivyo karatasi inavyopaswa kuongezeka, na sisi tumeagiza kamera bila karatasi.

Kuna jambo la upande wa pili, ambalo wazazi huelezwa haraka haraka asubuhi ya operesheni huku wakipewa fomu ya kutia sahihi. Kamera ikishaingia kufunga ngiri ya kulia, inaona na kushoto. Na mara nyingi, kwa karibu theluthi moja ya watoto au zaidi, kushoto nako kuna kitundu kilicho wazi, ingawa hapakuwahi kuvimba. Daktari afunge au aache? Wauzaji wa teknolojia hulitaja hili kama ushindi: operesheni moja, pande mbili, umemaliza. Lakini watoto wanaokuja kupata ngiri upande wa pili ni kama 7 tu katika 100. Maana yake vitundu vingi vinavyoonekana vingekaa kimya maisha yote. Wapo watu wazima wengi wanaotembea navyo bila habari. Ukivifunga vyote, unawapitisha watoto wengi sindano karibu na mrija wa pili ili umwokoe mmoja na operesheni nyingine. Na mrija wa pili ndio akiba. Mwanamume mwenye mrija mmoja ulioziba kwa kawaida huzaa kwa ule mwingine.

Rai yangu hapa ni hii. Msichana hana mrija wa mbegu hapo, kwa hiyo kitundu kikionekana kifungwe, faida ni kubwa na hasara ni ndogo. Mvulana wa mjini, anayeishi dakika 40 kutoka hospitali yenye bingwa, aachwe na wazazi waelezwe dalili. Mvulana aliyesafirishwa kwa basi siku nzima, ambaye ngiri ya pili ikimnasa usiku itamkuta mbali na daktari yeyote, huyo ana hesabu nyingine, na naelewa kabisa mpasuaji mzoefu akiamua kufunga. Lakini uamuzi uzungumzwe na wazazi kabla, na uandikwe.

Usingizi pia unastahili kusemwa, kwa sababu ndiyo hofu ya kwanza ya mama yeyote anayeambiwa mwanawe atapewa nusu kaputi. Kwa bahati njema hili limechunguzwa vizuri, tena kwa watoto wa ngiri hasa. Utafiti mmoja mkubwa uliwachukua wachanga 722 katika hospitali 28 za nchi 7, wote wanaopasuliwa ngiri; nusu wakalazwa usingizi, nusu wakafanyiwa wakiwa macho kwa sindano ya mgongo. Walipopimwa akili wakiwa na miaka 2, na tena wakiwa na miaka 5, hapakuwa na tofauti. Usingizi wao, kwa wastani, haukufika saa nzima. Dada yangu angelipata hilo wakati ule angelala walau usiku mmoja.

Linalobaki ni kwamba sindano ya mgongo inafaa kwa njia ya zamani, na njia ya kamera inahitaji usingizi kamili na mpira kooni, kwa kuwa tumbo lililojazwa hewa linasukuma mapafu juu. Kwa mtoto njiti mwenye mapafu dhaifu tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani wa watoto njiti 338: waliopasuliwa mapema, kabla ya kutoka hospitali, asilimia 28 walipata madhara makubwa, waliosubirishwa hadi wakue, asilimia 18. Lakini waliosubirishwa walisubiri wakiwa na hospitali karibu na simu mkononi. Kuhamisha hesabu hiyo kama ilivyo hadi kijijini, ambako kusubiri maana yake ni kupotea, ni kosa.

Na kamera inaweza kuletwa na mfadhili kwa ndege ikafungwa ndani ya wiki moja. Mtaalamu wa usingizi wa watoto anasomeshwa miaka. Ukisikia hospitali imezindua upasuaji wa matundu madogo kwa watoto, furahi, kisha uliza nani anamlaza mtoto.

Nimesema hesabu ni ya miaka 30, lakini kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki huwa imeshaharibika kabla hawajafika kwa mpasuaji yeyote. Ngiri ikinasa, mishipa ya damu ya korodani inabanwa pamoja na utumbo. Uvimbe unakuwa mgumu, haurudi, mtoto analia kilio kisichobembelezeka, anatapika, mwisho matapishi yanakuwa ya kijani. Hapo zinahesabiwa saa, na mwaka wa kwanza wa maisha ndio wenye hatari kubwa zaidi. Kwa msichana kinachonaswa mara nyingi ni kifuko cha mayai. Korodani iliyokufa kwa sababu ya siku mbili za kukandwa maji moto haifufuliwi na kisu wala kamera. Tukitaka watoto wetu wawe na matokeo mazuri ya muda mrefu, muuguzi wa kliniki ya watoto, yule anayempima uzito mtoto kwenye mizani ya kuning'inia, awe ameambiwa kwamba akisikia neno "mshipa" kinywani mwa bibi aandike rufaa siku hiyo hiyo. Hilo lingeokoa wengi kuliko kamera yoyote, na halihitaji mfadhili.

Nirudi kwenye karatasi. Mwaka jana nilimwomba dada anionyeshe cheti cha kuruhusiwa cha mtoto. Alikitoa kwenye mfuko wa plastiki anamotunza hati ya kiwanja na vyeti vya ubatizo. Wino umefifia. Kimeandikwa ngiri, kulia, amepasuliwa, arudi baada ya wiki 2. Hakuna neno juu ya mrija kuonekana, hakuna aina ya uzi, hakuna hali ya korodani. Nilikwenda hospitali kuuliza faili. Msaidizi wa masjala alitafuta kwa moyo wote, akatoka na vumbi mikononi: mafaili ya mwaka ule yalihamishiwa stoo, na stoo iliingia maji. Mtoto huyu hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ambayo kwa utaratibu tuliouzoea hutolewa mtu akitimiza miaka 18. Kati ya miezi yake 8 na siku hiyo, kwa mfumo wetu, operesheni yake haikutokea.

Ndiyo maana nasema kinachotukosesha matokeo ya muda mrefu si uhaba wa watafiti. Kadi ya kliniki ina mistari ya chanjo, kila moja na tarehe yake, na akina mama wanaitunza kama roho. Ukiongezwa mstari mmoja wa operesheni, wenye upande, njia, uzi, hali ya korodani, na kama upande wa pili uliguswa, ndani ya kizazi kimoja tungekuwa na majibu ambayo Denmark iliyapata kwa namba zake. Na wale wapasuaji wanaoanza sasa kutumia kamera kwa watoto wangeweza kumpigia simu kijana akifika miaka 14, wakati korodani zinakua, aje apimwe kama zimelingana. Kipimo chenyewe ni cha mkono, dakika mbili.

Kwetu mjomba ana nafasi ya kumweleza kijana mambo ambayo baba hushikwa na haya kuyatamka. Mpwa wangu anaingia miaka 12 na Disemba anakuja kwangu likizo. Daktari yule wa soksi bado namba yake ninayo. Nilimpigia, akakumbuka, tukasaidiana kujaza yaliyokosekana. Nimeyaandika kwa kalamu ya wino mweusi kwenye karatasi ngumu, nikaipiga laminesheni, na nitampa mwenyewe mkononi: Upande wa kulia. Umri miezi 8. Kwa kupasua kinena. Mrija ulionekana, haukushikwa kwa chombo. Korodani zote mbili zilikuwa mahali pake. Kushoto hakukuguswa.